Namna ya kusoma na kutumia "thou" ya Kiingereza cha kale bila kukosea

Maswali yanayonifikia kuhusu neno hili ni yale yale. Mwanafunzi anayesoma tamthilia ya Shakespeare anauliza kwa nini mama na mwanawe wanaitana "thou" mstari mmoja na "you" mstari unaofuata. Mwanakwaya anataka kujua kama "thou" ni neno la heshima alilowekewa Mungu peke yake. Kijana anatunga shairi la harusi, anaandika "thou hath stolen my heart", kisha anashangaa mwalimu wake akikunja uso.

Jibu fupi kwa wote: "thou" ni "wewe", mtu mmoja, basi. Wenzake wa wingi ni "ye" na "you", yaani "ninyi". Na habari njema kwako unayesoma Kiswahili ni kwamba tofauti hii unayo mdomoni tangu utotoni. Ukisema "unakwenda" umeshasema "thou goest", na ukisema "mnakwenda" umeshasema "ye go". Mwingereza wa leo hana tena tofauti hiyo katika usemi wa kawaida, kwa sababu "you" imemeza umoja na wingi. Kwa hiyo usiliogope neno hili. Lifuate kwa viambishi vyako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Zaburi ya 23 katika nakala mbili: Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyotoka 1611, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ya 1952. Nimechagua zaburi hii kwa sababu ndani ya aya sita ina karibu kila kitu tutakachogusa.

Kama unasoma Kurani kwa Kiingereza, weka karibu tafsiri ya Yusuf Ali au ya Pickthall, zote za miaka ya 1930, pamoja na tafsiri yoyote ya Kiswahili. Humo "thou" na "ye" zimejaa pia.

Kalamu za rangi mbili.

Kamusi kubwa ya Kiingereza. Kamusi ndogo ya mfukoni itakuandikia tu kwamba "thou" ni "you", na hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Huhitaji Kilatini, wala historia ndefu ya lugha.

Hatua ya 1: Litamke sawasawa

"Th" ya maneno haya ni "dh" ya "dhahabu", si "th" ya "thamani". "Thou" hutamkwa "dhau", "thee" ni "dhii", "thy" ni "dhai" na "thine" ni "dhain". Lakini "th" ya mwishoni mwa "hath", "doth" na "goeth" ni ile ya "thamani". "Dost" na "doth" zina irabu fupi, zinakaribia "dast" na "dath".

Tahadhari ndogo: Waingereza wana "thou" nyingine, ufupisho wa elfu moja, inayotamkwa kwa "th" ya "thamani". Vijana wa Nairobi wanaosema "thao moja" wanaifahamu. Haina undugu na neno letu.

Hatua ya 2: Uliza, anaambiwa mmoja au wengi?

Kabla ya kutafsiri chochote, pitia kifungu chako na kalamu. Rangi ya kwanza pigia mstari "thou", "thee", "thy" na "thine". Rangi ya pili pigia "ye", "you" na "your". Katika Biblia ya King James rangi ya kwanza ni mtu mmoja, rangi ya pili ni wengi. Watafsiri wa 1611 walilishika jambo hili kwa uaminifu, kwa kuwa Kiebrania na Kigiriki vinatenganisha umoja na wingi, nao walitaka msomaji aione tofauti hiyo.

Utaona faida yake mara moja. Chukua Luka 22:31 na 32. Yesu anamwita Simoni kwa jina, kisha anasema Shetani ametaka "to have you, that he may sift you as wheat". Mwanafunzi wa leo anadhani "you" hiyo ni Simoni. La. Ni wanafunzi wote. Ndipo aya inayofuata inasema "I have prayed for thee, that thy faith fail not", na hapo sasa ni Simoni peke yake. Kiswahili kinalionyesha waziwazi: Shetani "amewataka ninyi", lakini "nimekuombea wewe".

Vivyo hivyo Yohana 3:7. "Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again." Nikodemo anaambiwa yeye, "nilikuambia", lakini sharti ni la watu wote, "hamna budi". Biblia ya Kiingereza ya kisasa isipoongeza maelezo, inaandika "you" mara zote mbili na tofauti inapotea.

Angalia kitu kimoja. Kiambishi chetu "-wa-" hakisemi kama ni "ninyi" au "wao": "nawaona" inabeba yote mawili. Ndiyo maana katika Luka "ninyi" imetajwa waziwazi baada ya "amewataka". Penye "-wa-", usitegemee kiambishi peke yake.

Hatua ya 3: Tenganisha "thou", "thee", "thy" na "thine"

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa huzaliwa, kwa sababu wengi huchagua kwa sikio. Chagua kwa kazi ya neno.

"Thou" ndiye mtenda. Ni "u-" yako: "thou seest", unaona.

"Thee" ndiye mtendwa. Ni "-ku-" yako: "I see thee", nakuona. Ndiyo hutumika pia baada ya "to", "with", "for" na "unto": "with thee" ni nawe, "unto thee" ni kwako.

"Thy" ni "-ako" mbele ya neno linaloanza kwa konsonanti: "thy name", jina lako.

"Thine" ni "-ako" ile ile mbele ya irabu, "thine eyes", na mara nyingi mbele ya "h", kama "thine heart". Hutumika pia ikisimama peke yake: "thine is the kingdom", ufalme ni wako. Mwanzo 22:2 inazo mbili bega kwa bega: "thy son, thine only son". "My" na "mine" za zamani zilifuata sheria hiyo hiyo, kwa hiyo "mine enemies" ni adui zangu.

Wasomaji wa Kurani huuliza mbona katika Alfatiha ya Yusuf Ali sentensi inaanza na "Thee": "Thee do we worship". Sababu ni kwamba mtendwa ametangulizwa ili asisitizwe, kama Kiarabu chenyewe kinavyofanya. Mtenda ni "we". Kiswahili husema "Wewe tu tunakuabudu", na ile "-ku-" inakuthibitishia kwamba ni "thee". Na "O ye who believe" ni "Enyi mlioamini". "M-" hiyo, "ye" hiyo.

Hatua ya 4: Valisha kitenzi mwisho wake

Hatua hii inataka subira kuliko zote.

Mtenda akiwa "thou", kitenzi hupokea "-est" au "-st": "thou goest", "thou knowest", "thou makest". Mtenda akiwa mtu mwingine mmoja au kitu kimoja, kitenzi hupokea "-eth" au "-th": "he goeth", "she knoweth", "the wind bloweth". Kwa viambishi vyetu, "-est" inakwenda na "u-", na "-eth" inakwenda na kiambishi cha yule anayesemwa, mara nyingi "a-". "Ye" haivalishi kitenzi kitu: "ye go", "ye know". "I" vilevile.

Vitenzi vilivyobadilika umbo viweke kichwani, kwa sababu ndivyo utakavyokutana navyo kila ukurasa:

"thou art", wewe u, wewe ni
"thou wast", ulikuwa
"thou hast", unayo, au umefanya
"thou hadst", ulikuwa nayo
"thou dost" na "thou didst"
"thou shalt" na "thou wilt"
"thou canst" na "thou mayst"

"Must" haibadiliki. Ni "thou must".

Tahadhari: "hath" si ya "thou" hata siku moja. "Hath" ni "ana". "Hast" ni "una". Anayeandika "thou hath" amesema "wewe ana", kosa ambalo katika Kiswahili mtoto wa chekechea angelisikia. Na "I hath" ni "mimi ana".

Kuna sehemu mbili ambapo mwisho huo hauonekani, nawe usidhani ni kosa la uchapaji. Ya kwanza ni amri: "Get thee behind me, Satan" haina "-est", kama vile "nenda" yetu isivyo na "u-". Ya pili ni sentensi ya sharti au ya shaka: "If thou be the Son of God", ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu.

Wakati uliopita, vitenzi vya kawaida huwa vizito ulimini: "thou lovedst", "thou calledst". Waandishi wengi waliukwepa uzito huo kwa "didst": "thou didst call". Fuata mfano wao.

Hatua ya 5: Pitisha yote katika Zaburi ya 23

Fungua nakala zako mbili, usome polepole kwa sauti.

Aya za mwanzo zinamzungumzia Bwana kama mtu wa tatu: "He maketh me to lie down", "he leadeth me". Kila kitenzi kinachofuata "he" kina "-eth". Kiswahili kina "hunilaza", "huniongoza".

Fika aya ya 4. Bonde la uvuli wa mauti. Hapo ghafla hakuna tena "he". Mtunzi anageuka na kumwambia Mungu ana kwa ana: "for thou art with me, thy rod and thy staff they comfort me". Kiswahili: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami, gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Aya ya 5 inaendelea: "Thou preparest a table before me", "thou anointest my head with oil". Ni "-est" sasa. Na "Waandaa meza" ya Kiswahili ina "u-" iliyojificha ndani ya "wa-": u-a-andaa. Ukidhani ni "wao wanaandaa", umepotea.

Kugeuka huku kutoka "yeye" kwenda "wewe", pale pale penye giza, ndio moyo wa zaburi hii kwa maoni yangu. Wengi huikariri miaka na miaka wasiuone. Mwisho wa kitenzi ndio unaokushika mkono.

Malizia na "my cup runneth over". Kikombe ni mtu wa tatu, kwa hiyo "-eth". Ukiweza kueleza kila "-est" na kila "-eth" ya zaburi hii bila kutazama mwongozo, endelea.

Hatua ya 6: Ukihamia kwa Shakespeare, badilisha swali

Katika Biblia ya King James uliuliza "mmoja au wengi?". Kwa Shakespeare swali hilo halitoshi, kwa sababu kufikia enzi zake "you" ilikuwa inatumika pia kwa mtu mmoja unayemheshimu. Desturi hiyo iliingia Uingereza karne ya 13 hivi kwa kuiga Kifaransa. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura anaijua: ni "tu" na "vous". Mnyarwanda na Mchewa nao humsemesha mkubwa kwa wingi. Sisi wa Kiswahili heshima tunaiweka kwingine, katika shikamoo, mzee, mama, bibi, kwa hiyo hapa itabidi utege sikio zaidi.

Swali sasa ni: wawili hawa wanahusianaje, na kuna nini kimebadilika dakika hii? Mkubwa humwambia mdogo "thou", naye hurudishiwa "you". Bwana kwa mtumishi "thou", mtumishi kwa bwana "you". Wapenzi huitana "thou". Mtu mwenye hasira humtupia "thou" hata aliyepaswa kuitwa "you".

Mfano ulio bora zaidi ni tendo la tatu la Hamlet. Malkia Gertrude anamkaripia mwanawe: "Hamlet, thou hast thy father much offended." Ni "thou" ya mama. Hamlet anamjibu kwa maneno karibu yale yale, ila amebadilisha kiwakilishi: "Mother, you have my father much offended." Amemkataa kwa adabu. Mama anahisi ubaridi huo, na mstari unaofuata naye amehamia "you": "Come, come, you answer with an idle tongue." Mistari mitatu tu, na umbali umeshaingia kati yao.

Na usidhani ni mchezo wa jukwaani peke yake. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh alipokuwa akishtakiwa kwa uhaini, mwanasheria mkuu Edward Coke alimfokea: "I thou thee, thou traitor." "Thou" ya kwanza hapo ni kitenzi: nakuita "thou". Mbele ya mahakama, kwa mtu wa cheo chake, hilo lilikuwa tusi. Nusu karne baadaye Wakweka, wafuasi wa George Fox, walisisitiza kumwita kila mtu "thou" na "thee", hakimu na tajiri wakiwamo, kwa imani kwamba watu wote ni sawa mbele za Mungu. Iliwaletea chuki nyingi. Ni madhehebu yale yale yaliyofungua misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902.

Kwa hiyo yule mwanakwaya ajibiwe: "thou" haikuwa neno la heshima. Lilikuwa neno la ukaribu, au la umoja tu. Katika Biblia ya King James Mungu anaitwa "thou", mfalme anaitwa "thou", na Shetani pia.

Hatua ya 7: Kuandika mwenyewe

Ushauri wangu ni usome kwa mwaka mzima kabla ya kuandika. Lakini kama una sala, shairi au mazungumzo ya mchezo wa kale unayotaka kuandika, anza na Kiswahili, kisha ufuate viambishi.

Tuseme unataka "Umeuteka moyo wangu, nami nakupenda." "U-" ni "thou". "-me-" na "thou" inadai "hast". "-ku-" ni "thee". Unapata: "Thou hast taken my heart, and I love thee." Shairi la yule kijana limepona.

Sasa kama shairi linawahusu bwana na bibi harusi wote wawili, "thou" haifai kabisa. Mmependana, mmeoana: ni "ye". "Ye are wed", si "thou art wed".

Pitia tena ukitafuta haya, maana ndiyo yanayorudi:

"Thee are beautiful": andika "thou art beautiful".
"I love thou": andika "I love thee".
"Thine love": andika "thy love".
"Thou has" na "thou have": andika "thou hast".
"Thou art" mahali pamoja na "you are" mahali pengine kwa mtu yule yule bila sababu: chagua moja, uishike hadi mwisho.

Barua ya kazi, hotuba ya mgeni rasmi, ujumbe kwa mkwe: usitumie. Leo utaonekana unaigiza, na zamani ungeonekana umemvunjia heshima.

Ukikwama

Kitenzi kina "-st" lakini "thou" haionekani. Shakespeare huiangusha katika maswali: "Dost hear?" ni "dost thou hear?". Isome kama ipo, kama sisi tunavyosema "wasikia?" bila kutaja "wewe".

Umekuta "wherefore art thou Romeo" na unadhani Juliet anamtafuta Romeo alipo. "Wherefore" ni "kwa nini". Anauliza kwa nini kijana huyo awe Romeo, mtoto wa ukoo wa maadui.

Umekuta Biblia ambayo Mungu peke yake ndiye "thou" na watu wote ni "you". Huenda unasoma Revised Standard Version, iliyokamilika 1952. Waliofanya kazi ile waliiacha "thou" kwa maombi tu. Matoleo ya namna hiyo, pamoja na sala na nyimbo, ndiyo yaliyowafanya wengi waamini kwamba ni neno takatifu.

Umekuta "thou wert". Kwa asili ni ya sharti, "kama ungekuwa", lakini washairi wengi wanaitumia kwa "ulikuwa" tu. Usitoze faini.

Umekuta "thee is" au "thee has" katika hadithi ya Marekani. Ni Kiingereza cha Wakweka wa huko, ambao baadaye walifanya "thee" kuwa mtenda na kuipa kitenzi cha mtu wa tatu. Ni sahihi kwa wahusika hao, usiwasahihishe, na wala usiige kwingine.

Umekuta "tha" au "thee" katika mazungumzo ya mzee wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Huko neno halikufa. Ni "thou" ile ile kwa lafudhi ya kwao.

Umekuta kibao cha duka kimeandikwa "Ye Olde". Hiyo si "ninyi". Zamani sauti ya "th" ilikuwa na herufi yake, nayo kwenye maandishi ya mkono ilifanana na "y", wachapaji wakaweka "y" mahali pake. Ni "the", na husomwa "the".